Vali ya Hewa Inapokataa Kugeuka: Somo kwa Waendesha Vinu vya Mpunga Dakawa

Msimu wa mavuno unapofika katika Bonde la Mto Wami, barabara ya Morogoro hadi Dodoma hubeba malori ya mpunga mchana na usiku. Mkulima wa skimu ya umwagiliaji Dakawa aliyetumia miezi kadhaa kuhudumia jaruba lake hufikisha mazao yake kinuni akiwa na matumaini mawili: kwamba mpunga utakobolewa siku hiyo, na kwamba mchele utatoka safi, wa kupata bei. Matumaini hayo yote mawili yanaweza kukwamishwa na kifaa kinachoenea kiganjani, nacho ni vali ya hewa inayoendeshwa kwa umeme.

Katika vinu vya kisasa, vali za aina hii hufungua na kufunga milango ya mapipa ya nafaka, hubana mdomo wa mfuko wakati wa kujaza na kupima, hupuliza vumbi kwenye vichujio, na hupiga punje mbovu katika mashine ya kuchambua mchele kwa rangi. Ikikataa kugeuza mkondo wa hewa, kazi husimama. Mara nyingi hapo ndipo kosa la pili huzaliwa: vali hufunguliwa kwa haraka, hutupwa, na nyingine huagizwa kutoka Dar es Salaam. Ikifika na kufungwa, mashine bado haifanyi kazi, kwa sababu ubovu haukuwa ndani ya vali.

Lengo la somo hili ni kumpa fundi na mwendeshaji utaratibu wa kutafuta ubovu kwa hatua, ili asinunue kifaa kabla ya kujua kilichoharibika.

Jinsi vali inavyofanya kazi

Vali inayotumika zaidi kuendesha silinda ya kusukuma na kuvuta ina matundu matano. Tundu namba 1 hupokea hewa kutoka kwenye kompresa. Matundu namba 2 na 4 hupeleka hewa kwenye pande mbili za silinda. Matundu namba 3 na 5 hutoa nje hewa iliyokwisha kutumika. Ndani yake kuna spuli, yaani kijiti chenye sili za mpira, kinachoteleza kwenda na kurudi. Spuli ikiwa upande mmoja, hewa huingia tundu namba 2 na ile ya namba 4 hutoka nje. Ikihamia upande wa pili, mambo hugeuka.

Koili ya umeme haina nguvu ya kusukuma spuli hiyo moja kwa moja. Umeme unapopita, koili huwa sumaku na kuvuta kipande kidogo cha chuma kiitwacho plunja. Plunja hufungua kijitundu chembamba, hewa kidogo hupita, na hewa hiyo ndiyo husukuma spuli. Kwa hiyo, ili vali igeuke, mambo manne hayana budi kukamilika: umeme ufike, plunja ivutwe, hewa yenye presha ya kutosha iwepo, na spuli iwe huru kuteleza. Jambo la tano, ambalo husahauliwa zaidi, ni kwamba hewa ya zamani lazima ipate njia ya kutoka.

Usalama kabla ya yote

Silinda yenye kipenyo cha milimita 50, ikipewa hewa ya bar 6, husukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 120. Hiyo ni zaidi ya gunia la kilo 100 linaloangukia vidole. Hatari hubaki hata umeme ukizimwa, kwa kuwa hewa iliyofungiwa ndani ya mipira na silinda huendelea kusukuma. Silinda iliyokwama kwa sababu ya vali mbovu inaweza kuruka ghafla pale fundi anapoigusa vali hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua chochote: zima umeme kwenye swichi kuu na uifunge kwa kufuli; funga koki ya hewa inayoingia kwenye mashine; toa hewa iliyobaki hadi geji isome sifuri; kisha zuia kwa gogo au pini sehemu yoyote inayoweza kushuka kwa uzito wake. Pale ambapo kipimo kinahitaji umeme au hewa viwepo, mtu mmoja tu ndiye atoe amri, na wengine wote wakae mbali na sehemu zinazosogea. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kulinda wafanyakazi wake, na kinu kidogo cha kijijini hakikuachwa nje ya wajibu huo.

Swali la kwanza: kitufe cha mkono

Vali nyingi zina kitufe kidogo ubavuni, mara nyingi cha kubonyeza kwa ncha ya bisibisi. Kitufe hiki hufanya kazi ya plunja bila umeme. Fundi mwenye busara huanza hapa, kwa sababu jibu lake hugawa tatizo katika mafungu mawili.

Hakikisha hakuna mtu karibu na mashine, hewa ikiwepo, kisha bonyeza. Silinda ikisogea ipasavyo, basi hewa ipo, spuli ni huru, na njia ya kutolea hewa iko wazi. Ubovu uko upande wa umeme, au kwenye plunja yenyewe. Silinda isiposogea, usipoteze muda kupima nyaya. Ubovu uko upande wa hewa, ndani ya vali, au kwenye silinda. Kazi ya dakika moja imekuondolea nusu ya mahali pa kutafuta. Ukimaliza, rudisha kitufe mahali pake. Vipo vitufe vinavyojifunga vikizungushwa, na kitufe kilichosahauliwa kimefungwa huifanya vali nzima ionekane mbovu.

Upande wa umeme

Soma kwanza maandishi yaliyo kwenye koili. Koili ya volti 24 za mkondo mnyoofu haiwezi kufanya kazi ya koili ya volti 230 za mkondo geu, ingawa maumbo yao yanaweza kufanana.

Pili, pima volti kwenye ncha za koili yenyewe, wakati mashine imeamriwa kufanya kazi na koili ikiwa imeunganishwa. Kupima kwenye waya uliochomolewa hudanganya: muunganisho ulioota kutu unaweza kuonyesha volti kamili pasipo mzigo, kisha volti zikaporomoka mara koili inapoanza kuvuta umeme. Koili nyingi huvumilia upungufu wa asilimia 10, yaani volti 207 kwa koili ya 230, au 21.6 kwa koili ya 24. Chini ya hapo plunja inaweza kutetemeka bila kufunguka. Taa ndogo iliyo kwenye plagi nayo isikushawishi kupita kiasi. Ikiwaka inaonyesha kwamba umeme umefika kwenye plagi, lakini haithibitishi kwamba koili ni nzima.

Tatu, zima umeme, chomoa plagi, na upime ukinzani wa koili. Koili ya volti 24 za mkondo mnyoofu yenye nguvu ya wati 4.8 hutumia ampia 0.2, hivyo ukinzani wake unapaswa kukaribia omu 120. Kipimo kisichosoma kitu maana yake waya wa ndani umekatika. Kipimo cha omu chache mno maana yake waya umegusana. Kwa koili ya mkondo geu hesabu hiyo haifai. Linganisha na koili nzima ya aina ileile.

Nne, ikiwa volti zipo na koili ni nzima, zima tena umeme, toa hewa, na ufungue plunja. Iangalie kama ina utelezi, kutu, au uji wa mafuta na vumbi. Mara nyingi kuifuta kwa kitambaa safi hutosha.

Hapa pana onyo muhimu. Koili ya mkondo geu huvuta umeme mwingi mwanzoni, kisha hupunguza mara plunja inapofika mahali pake. Plunja ikikwama nusu ya njia, umeme hubaki mwingi na koili huungua. Fundi anayefunga koili mpya bila kuchunguza plunja ataifunga nyingine baada ya muda mfupi. Vivyo hivyo, usiiwashie umeme koili ya mkondo geu ikiwa imetolewa kwenye mhimili wake, nayo itaungua.

Ikiwa vali ina koili mbili, moja kila upande, pima zote mbili. Amri zikifika pande zote kwa wakati mmoja, spuli hubaki ilipokuwa. Kosa hilo liko kwenye swichi, relei au programu inayoongoza mashine, wala si kwenye vali.

Upande wa hewa

Anza na presha. Vali yenye koili ndogo hutegemea hewa kusukuma spuli yake, kwa hiyo ina kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye bamba lake. Vali nyingi huhitaji bar 2 au zaidi. Isome geji iliyo karibu na mashine wakati mashine inafanya kazi. Geji ya kwenye tangi inaweza kusoma bar 7 huku mwisho wa mpira mrefu na mwembamba presha ikizama kila vali zinapofunguka kwa pamoja.

Adui wa pili ni maji. Wengi hushangaa maji yametoka wapi ilhali tangi halijaguswa na mvua. Yametoka hewani. Tuchukue kompresa inayovuta lita 500 za hewa kwa dakika na kufanya kazi saa 8. Kwa siku huvuta mita za ujazo 240. Katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70, kila mita ya ujazo hubeba takriban gramu 21 za maji, yaani jumla ya kilo 5. Hewa hiyo ikibanwa hadi bar 7 hubaki mita za ujazo 30 tu, na ikisha kupoa na kurudi nyuzi 30 haiwezi kushika zaidi ya gramu 30 kwa kila mita. Hiyo ni chini ya kilo 1. Lita 4 zilizobaki hugeuka maji ndani ya tangi na mabomba, kila siku. Yasipotolewa, huendelea na safari hadi kwenye vali, huosha grisi ya kiwandani, na huotesha kutu.

Adui wa tatu ni pumba. Vumbi la kinu cha mpunga si vumbi la kawaida, kwani pumba za mchele zina mafuta ndani yake. Zikikutana na unyevu hufanya utando unaonata. Utando huo huziba sailensa, yaani vile vichujio vidogo vya kupunguza kelele vilivyofungwa kwenye matundu namba 3 na 5. Sailensa ikiziba, hewa ya zamani hukosa njia, na silinda hutembea polepole au husimama kabisa, ingawa vali ni nzima. Kuthibitisha ni rahisi: toa hewa, fungua sailensa, vaa miwani ya kinga, rudisha hewa na ujaribu. Silinda ikitembea vyema, umepata mkosaji. Ioshe sailensa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke, au weka mpya. Usiache tundu wazi, maana vumbi litaingia ndani. Na kamwe usizibe tundu hilo kwa boliti ili kunyamazisha hewa inayovuja. Kufanya hivyo ni kuifunga vali isigeuke.

Kuhusu hewa inayovuja mfululizo kwenye tundu la kutolea, usiihukumu vali mapema. Sili za pistoni ndani ya silinda zikichakaa, hewa hupita kutoka upande mmoja kwenda wa pili na kutokea kwenye vali. Toa hewa, chomoa mipira kwenye matundu 2 na 4, yazibe kwa vizibo vyake halisi, kisha rudisha hewa. Mvujo ukiendelea, vali ndiyo mbovu. Ukikoma, tengeneza silinda.

Ukilazimika kufungua spuli, fanyia kazi mahali safi na upange vipande kwa mfuatano. Usioshe sili kwa petroli au mafuta ya taa, kwa kuwa baadhi ya mipira huvimba na spuli hukwama upya. Usipake mafuta ya injini wala ya kupikia. Tumia grisi iliyopendekezwa na mtengenezaji, kwa kiasi kidogo.

Mashine ya kuchambua mchele kwa rangi

Katika mashine hii kamera hutazama kila punje inapoanguka, na vali ndogo hupuliza punje nyeusi, ya njano au kijiwe katika muda wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Vali moja ikikwama imefungwa, punje mbovu hupita kwenye mfereji huo mmoja tu. Ikikwama wazi, mchele mzuri hutupwa pamoja na mbovu. Kwa hiyo usitazame mchele uliokwisha changanyika. Chukua sampuli kutoka kila mfereji, na linganisha. Ukipata mfereji wenye kasoro, hamishia hapo vali ya mfereji mzima, ikiwa muundo unaruhusu. Kasoro ikihama pamoja na vali, badilisha vali. Ikibaki palepale, tafuta kwenye waya, kadi ya umeme au kioo cha kamera chenye vumbi.

Kumbuka pia kwamba hewa ya mashine hii hugusa chakula. Isitiwe mafuta ya kulainisha. Iwe kavu na iliyochujwa.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue kinu ambacho kibano cha mifuko kimeacha kufunguka. Koili ya volti 230 imekutwa imeungua, ikabadilishwa, na baada ya siku mbili imeungua tena. Mwenye kinu anashauriwa anunue vali nzima. Fundi anayefuata somo hili anabonyeza kitufe: kibano kinafunguka. Hewa na spuli vimeondolewa lawama. Anapima volti na kukuta 226, ambazo zinafaa. Anafungua plunja na kukuta imenata kwa uji wa rangi ya kahawia. Hapo anaelewa kwa nini koili mbili zimeungua. Lakini bado hajamaliza, kwa kuwa uji huo una asili yake. Anakwenda kwenye tangi, anafungua koki ya chini, na maji yanatoka kwa muda mrefu. Dawa ya tatizo hili ni koili moja, kitambaa safi, na mtu aliyepewa jukumu la kufungua koki kila jioni. Bila hatua ya mwisho, hata vali mpya ingeishia palepale.

Ratiba ya kinga

Kila siku, mwisho wa kazi: toa maji kwenye tangi na kwenye vichujio vya hewa. Ukitumia koki inayojifungua yenyewe, hakikisha kwa macho kwamba kweli inatoa maji.

Kila wiki: futa pumba juu ya vali na plagi zake; sikiliza mivujo mashine zikiwa zimesimama lakini hewa ipo; soma geji iliyo karibu na mashine.

Kila mwezi: safisha au badilisha sailensa na vichujio, kaza miunganisho ya umeme baada ya kuzima swichi kuu, andika daftarini presha, volti na vifaa vilivyobadilishwa.

Kabla ya msimu: jaribu kila vali kwa kitufe chake, na weka akiba ya koili moja na sailensa chache za kila aina iliyopo kinuni. Gharama yake ni ndogo kuliko siku moja ya foleni ya wakulima.

Maswali ya kujipima

1. Kitufe kinasogeza silinda, lakini amri ya umeme haisogezi. Utafute wapi? Jibu: kwenye volti, koili na plunja.

2. Silinda inatembea polepole kila upande, na geji ya karibu na mashine inasoma bar 6. Utaanza na nini? Jibu: sailensa za matundu namba 3 na 5.

3. Vali yenye koili mbili haigeuki, na koili zote ni nzima. Utapima nini? Jibu: kama amri zinafika pande zote mbili kwa pamoja.

Mwisho, kazi za nyaya za umeme kinuni zifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Vijana wanaotaka kujifunza zaidi wanaweza kuuliza kuhusu mafunzo katika vyuo vya VETA, na wenye vinu wanaweza kuomba ushauri katika ofisi ya SIDO mkoani Morogoro. Mwenye kinu naye ana wajibu wake: asimharakishe fundi aruke hatua. Mkulima anayesubiri nje na magunia yake anastahili kinu kinachofanya kazi, na mfanyakazi anayeshika mfuko anastahili kurudi nyumbani na vidole vyake vyote.